Nyumba Njema Si Mlango

Mwaka 1834, kule Marekani, bwana mmoja aitwaye Isaac Lea aliandika habari za konokono mpya. Lea hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mchapishaji wa vitabu mjini Philadelphia, na katika mambo ya kombe na konokono alikuwa fundi anayeheshimika. Konokono huyo alitoka jimbo la Tennessee. Alikuwa mdogo, amejipinda kama konokono wengine, ila gamba lake lilikuwa la chembe za mchanga zilizogandishwa pamoja kwa ustadi mkubwa. Lea akampa jina la Kilatini, Valvata arenifera, yaani yule abebaye mchanga.

Kumbe hakuwa konokono hata kidogo! Ilikuwa nyumba ya mdudu. Mwenye nyumba alishaondoka, na fundi wa konokono akabaki na kuta tupu mkononi. Mwaka 1856 Mjerumani Carl von Siebold aliwatengea wadudu wenye nyumba za namna hiyo jenasi yao, akaiita Helicopsyche. Miaka 22 ilikuwa imepita. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mzee Lea aliishia mlangoni, bwana, tena akabandika kibao.

Makala hii inahusu vibao hivyo. Ni historia ya jinsi mdudu mdogo wa mtoni anavyopata jina, nani humpa, na nini hutokea jina likitangulia kabla mwenyewe hajatazamwa sawasawa. Ndugu msomaji, usiikimbie kwa kudhani ni somo la baiolojia limepotea njia. Ni habari ya kuandika.

MDUDU MWENYEWE

Kwanza tumjue. Wataalamu huwaita wadudu hawa trikoptera, neno la Kigiriki lenye maana ya mabawa yenye nywele. Kiswahili hakijawapa jina linalojulikana na wengi. Mkubwa wao ukimwona usiku akizunguka taa utasema ni nondo mdogo, wa rangi ya udongo, asiye na makuu. Na kweli ni binamu wa nondo na vipepeo. Tofauti ni kwamba nondo ana vumbi la magamba kwenye mabawa, huyu ana vinywele.

Lakini maisha yake marefu si hayo ya hewani. Utoto wake wote huupitisha majini akiwa buu. Na buu huyo, wee acha tu! Hutoa uzi wa hariri mdomoni, uzi unaonata hata ndani ya maji, na kwa uzi huo hujenga. Wengine hukata vipande vya majani wakavishona. Wengine huokota mchanga, chembe moja baada ya nyingine, wakatengeneza bomba. Wengine hupinda bomba hilo hadi likawa kama konokono, ndio hao waliomhadaa Lea. Wapo pia wasiobeba nyumba kabisa: hutega wavu kati ya mawe, mdomo wake ukielekea mto utokako, wakasubiri maji yawaletee chakula. Kama wavuvi tu.

Leo zaidi ya spishi 16,000 za trikoptera zimekwisha kupewa majina duniani. Wako kila bara isipokuwa Antaktika. Na hesabu bado inapanda, hususan katika nchi za joto, maana huko ndiko mito ilikochelewa kutazamwa.

MZEE WA BLUMENAU

Sasa twende Brazili. Mwaka 1852 kijana mmoja Mjerumani, Fritz Müller, alishuka huko na mkewe na mdogo wake. Alizaliwa mwaka 1822 karibu na Erfurt. Alikuwa na shahada ya udaktari wa falsafa kutoka Berlin, kisha akasomea uganga Greifswald. Masomo aliyamaliza, lakini kiapo cha waganga kilimtaka aape kwa jina la Mungu, naye hakuwa muumini. Akakataa kusema asichokiamini. Hakupewa cheti. Basi, akafunga mizigo.

Alikwenda kuishi Blumenau, kijiji cha walowezi kilichoanzishwa mwaka 1850 kando ya mto Itajaí, katika mkoa wa Santa Catarina. Msomi huyo akashika shoka, akafyeka msitu, akajenga kibanda, akalima. Baadaye, mwaka 1856, alihamia mji wa Desterro, ambao siku hizi huitwa Florianópolis, kufundisha hisabati. Huko pwani alichunguza kamba na kaa, na mwaka 1864 akachapisha kitabu chembamba cha kumuunga mkono Charles Darwin. Darwin alikipenda mno hata akagharimia tafsiri yake ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1869. Wawili hao waliandikiana barua kuanzia 1865 mpaka Darwin alipofariki mwaka 1882, na hawakuonana uso kwa uso hata siku moja. Mto Itajaí ulipofurika mwaka 1880, Darwin alitaka kumtumia fedha za kununulia vitabu na vyombo vilivyoharibika. Müller alishukuru, akakataa.

Mwaka 1876 Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro yalimwajiri kuwa mchunguzi wao wa kusafiri. Ndipo alipowageukia kwa bidii wadudu wa mtoni. Müller hakukaa ofisini kungoja vichupa. Aliingia mtoni mwenyewe, akageuza mawe, akabeba mabuu hai hadi nyumbani, akawaangalia wanavyoishi. Aliona nyavu zao mkondoni na mlango wa wavu ulivyotazama maji yajayo. Aliona nyumba za majani, za mchanga, na zile za konokono wa uongo.

Lakini kubwa zaidi aliliona juu ya miti! Katika misitu ile kuna mimea ya ukoo wa mnanasi inayoota kwenye matawi, na majani yake hukinga maji ya mvua kwenye shina kama bakuli. Ndani ya bakuli hizo, mbali na mto wowote, Müller alikuta mabuu wa trikoptera na nyumba zao. Mmoja alimpa jina bromeliarum, kutokana na jina la kisayansi la ukoo huo wa mimea, akamweka katika jenasi Phylloicus, jina lenye jani ndani yake, maana jamaa hawa hujenga kwa majani.

Habari hizi alizitoa kwa lugha tatu: Kijerumani, Kiingereza na Kireno. Kazi yake kubwa ya Kireno, iliyohusu nyumba za mabuu hao wa Santa Catarina, ilitoka katika jarida la Makumbusho ya Taifa mwaka 1880. Angalieni hapo, waandishi chipukizi. Mtu aliyekuwa na wasomaji wake wote wakubwa Ulaya alihakikisha wenyeji wa nchi ya mdudu wanaweza kusoma habari zake.

KASHESHE YA MAJINA

Hata hivyo, kuna jambo gumu, nalo haliondoki kwa sababu tu tunampenda mzee.

Müller alikuwa bingwa wa nyumba na mabuu. Majina mengine aliyatoa kwa kuangalia nyumba na buu tu, bila kueleza mdudu mzima mwenye mabawa. Wakati huohuo, London, Robert McLachlan alikuwa akichapisha kitabu chake kikubwa juu ya trikoptera wa Ulaya, kati ya mwaka 1874 na 1880. McLachlan alichora kwa makini sehemu moja ambayo wengi waliipuuza: ncha ya tumbo la dume, yaani viungo vya uzazi. Usicheke, ndugu msomaji. Spishi mbili zinaweza kufanana mabawa, rangi na ukubwa kama shilingi kwa ya pili, lakini viungo hivyo vikatofautiana kama funguo za makufuli mawili. Huo ndio uliokuja kuwa msingi wa kazi yote.

Sasa pima mwenyewe. Ukiwa na jina lililotolewa juu ya nyumba, na mwenzako ana jina lililotolewa juu ya dume mwenye mabawa, utajuaje kama mnamsema mdudu mmoja? Spishi kadhaa za jirani zinaweza kujenga nyumba za mtindo uleule. Nyumba haitoshi. Lea alikuta nyumba akadhani ni konokono. Müller hakufanya kosa la namna hiyo, alimjua mwenye nyumba vizuri, lakini baadhi ya majina yake yaliwaachia wajukuu kazi ya kukisia.

Chukua jenasi aliyoiita Grumichella, mwaka 1879. Ilikuwa jenasi isiyo na jina la spishi ndani yake, yaani ukoo umetajwa, mtu hakutajwa. Ilingoja hadi mwaka 1905, Mjerumani mwingine, August Thienemann, alipoiletea spishi, Grumichella rostrata. Miaka 26! Na Müller alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1897, palepale Blumenau. Kabla ya hapo, mwaka 1891, alikuwa amepoteza kazi. Serikali iliwataka wachunguzi wa makumbusho wakaishi Rio de Janeiro, yeye akakataa kuuacha mto wake. Kama alivyokataa kiapo ujanani, ndivyo alivyokataa kuhama uzeeni.

Aliyerithi kazi ya kupanga vurugu hili, kwa sehemu kubwa, hakuwa profesa wa chuo kikuu. Alikuwa mwalimu wa shule wa Hamburg, Georg Ulmer, aliyeishi kati ya 1877 na 1963. Mchana ubao na chaki, baadaye hadubini. Huyu alieleza trikoptera kutoka pembe nyingi za dunia, Afrika ikiwemo.

JINSI WANAVYOFANYA SASA

Hebu tuone basi mtu wa leo anafanyaje akitaka kutoa jina lisilo na kasheshe.

Kazi huanza gizani. Kando ya mto huwashwa taa ya mwanga wa zambarau, nyuma yake shuka jeupe au chini yake beseni la spiriti. Wadudu huja wenyewe. Asubuhi kichupa kimejaa, na kila kichupa lazima kipate karatasi: nchi, mto, mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la aliyekusanya. Karatasi hiyo ikipotea, mdudu amekuwa yatima. Hata awe mzuri vipi, hana tena ushahidi.

Kisha maabara. Tumbo la dume hukatwa, nyama ya ndani ikayeyushwa kwa dawa kali ili gamba la nje lionekane wazi kama kioo. Zamani walitumia zaidi potasi. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani, akiwemo Ralph Holzenthal wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walieleza njia ya kutumia asidi ya laktiki, ndugu yake ile inayoyachachusha maziwa mgando. Tumbo lililosafishwa huwekwa ndani ya gliserini chini ya hadubini, na hapo mtu huanza kuchora: ubavuni, juu, chini. Mstari mmoja ukikosewa, mwenzake wa Manaus au wa Bangkok atapotezwa nao.

Halafu huja kazi inayochosha kuliko zote: kusoma. Lazima ulinganishe na kila spishi ya jirani iliyowahi kuandikwa, kwa lugha yoyote, mwaka wowote, kurudi nyuma mpaka 1758. Huo ndio mwaka wa toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, ambalo majina yote ya wanyama yanahesabiwa kuanzia hapo. Huwezi kusema ni mpya kwa sababu wewe hujamwona. Mpya ni yule ambaye hakuna aliyemwandika.

Mwisho ni maandishi. Sheria za kimataifa za majina ya wanyama zimekazwa kidogo kidogo. Kwa jina lililotolewa baada ya 1930, lazima maelezo yaseme ni sifa zipi zinazomtenga mdudu huyu na wengine. Kwa spishi mpya iliyopewa jina baada ya 1999, lazima utaje sampuli halisi itakayobeba jina hilo milele. Sampuli ya peke yake ya namna hiyo huitwa holotaipu. Huhifadhiwa mahali panapojulikana, na yeyote mwenye shaka anaweza kwenda kuitazama. Siku hizi huongezwa pia alama za vinasaba, ambazo husaidia kuunganisha buu na mdudu mzima. Ile ndoa aliyoitafuta Müller kwa macho, leo inaweza kuthibitishwa kwa chembechembe.

Na lugha yenyewe? Ni kavu kama kisamvu kisichotiwa nazi. Hakuna mdudu mzuri, hakuna wa ajabu. Ni urefu wa bawa kwa milimita, rangi, miiba mingapi mguuni, umbo la kila kipande. Lakini kuna sehemu moja mwandishi anaruhusiwa kupumua: pale anapoeleza kwa nini amechagua jina hilo. Mwaka 2021 huko Kosovo, Halil Ibrahimi na wenzake walieleza spishi mpya wakaiita Potamophylax coronavirus. Ni kwa sababu ya ugonjwa uliotikisa dunia wakati wanaiandika, na pia kwa sababu mto wake ulikuwa ukiharibiwa na ujenzi wa mitambo ya umeme. Kosovo si nchi ya joto, lakini mfano unatufaa. Jina moja tu, na mto mdogo wa milimani ukasikika dunia nzima.

HOLOTAIPU ZIKO WAPI?

Hapa ndipo penye uzito.

Tuseme kweli, majina mengi ya wadudu wa nchi za joto yalitolewa mbali na mito yao. Mfano wa karibu nasi ni Ziwa Tanganyika. Mbelgiji Georges Marlier alifanya kazi Uvira, upande wa Kongo, mji ambao Kiswahili husikika kila kona. Mwaka 1955 alitoa jina Limnoecetis tanganicae kwa trikoptera wa ziwa hilo, na mwaka 1962 akatoa kitabu cha kuzitambua jenasi zote za trikoptera wa Afrika. Ni kazi ya maana, inatumika hadi leo. Lakini kitabu ni cha Kifaransa, na kilichapishwa Tervuren, Ubelgiji. Kijana wa Uvira akitaka kumjua mdudu wa ziwa lake, alipaswa kuanza safari kwa lugha ya mtu na nchi ya mtu.

Wapo watakaosema afadhali zikae Ulaya, huko ni salama. Hoja hii ina nguvu ya kuumiza. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro, yaleyale yaliyomwajiri Müller, yaliungua. Yalikuwa yametimiza miaka 200 tangu yaanzishwe mwaka 1818. Sehemu kubwa kabisa ya mkusanyiko wa wadudu iliteketea. Mtu anaweza kuchora upya nyumba iliyoungua. Holotaipu haichoreki upya.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Uhaba wa fedha za matunzo ulikuwa umelalamikiwa kwa miaka kabla ya moto. Makumbusho hayakuungua kwa sababu yalikuwa Brazili, bali kwa sababu yaliachwa. Hata Ulaya, mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliteketeza mikusanyiko ya makumbusho, ya Hamburg ikiwa mojawapo. Moto hauulizi pasipoti. Dawa yake ni kutunza, na kuhakikisha maandishi na michoro vimesambaa mahali pengi.

Na Wabrazili hawakukaa wakilia. Orodha ya trikoptera wa nchi yao iliyotolewa mwaka 2004 ilikuwa na spishi 378. Iliyofuata, mwaka 2014, ilikuwa na 625. Miaka kumi tu! Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ina mikono ya watafiti wa Brazili wenyewe, wengine wakishirikiana na watu wa Minnesota, na sampuli zikawekwa katika makumbusho ya kwao. Hakuna aliyewapa ruhusa ya kutoa majina. Walijifunza kuchora, wakasoma kila kilichoandikwa kabla yao, wakachapisha.

KWA NINI TUJALI

Mtu atauliza: vidudu vya mtoni vinanihusu nini mimi, kijana wa mjini, ambaye maji nayaona kwenye ndoo? Vinakuhusu. Mabuu wengi wa trikoptera hawastahimili maji machafu, kwa hiyo wataalamu huwatumia kupima afya ya mto. Wakiwepo wa aina nyingi, mto u hai. Wakitoweka, kuna jambo. Lakini kipimo hicho hakifanyi kazi kama hujui nani ni nani. Kusema kuna wadudu wanne tofauti ni tofauti na kusema kuna wadudu. Jina ndilo linalohesabika. Kisicho na jina kikipotea, hakuna hata wa kuandika tanzia.

Kwetu tunaojifunza kuandika, kuna la ziada. Maelezo ya spishi ni maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya msomaji asiyekujua, huenda hajazaliwa bado, atakayekaa na mdudu wake mkononi na ukurasa wako mezani, akiuliza: ni huyu au siye? Hatajali una kipaji. Atajali kama uliangalia. Müller aliangalia kuliko wengi wa zama zake, na ndiyo maana kurasa zake juu ya nyavu na nyumba zinasomwa mpaka leo, hata pale majina yake yaliposumbua. Lea naye aliangalia, chembe kwa chembe. Alichokosa ni kugonga mlango na kuuliza nani anaishi humu.

Ukoo wa mnanasi umo katika bustani zetu, na mito tunayo. Penye jiwe lililolala ndani ya maji yanayotembea, ligeuze taratibu. Ukikuta kijibomba cha mchanga kimeng'ang'ania chini yake, usikirushe. Subiri kidogo, mwenye nyumba atatoa kichwa. Mwangalie kwanza, halafu ndipo uandike.